Tone la mafuta kwenye seli ya ini: lilivyo, na jinsi linavyopotea kabla halijaonekana

Mafundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Amu, wanayajua mafuta ya ini kwa harufu. Sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao ili jua na maji ya chumvi visizipasue, haitoki kwenye nyama ya papa. Hutoka kwenye ini lake: hukatwakatwa, likapikwa au likaachwa juani, mafuta yakajitenga yenyewe. Papa hana kibofu cha hewa kama changu au tewa, wala hana shahamu ya kutosha mwilini. Akiba yake kubwa ameiweka kwenye ini, na kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, ini hilo humsaidia asizame. Kwa papa, seli ya ini iliyojaa mafuta ni dalili ya afya.

Ini la binadamu limepangiwa kazi nyingine. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo 1.5, na kwa upande wa mafuta ni bandari kuliko ghala: linapokea, linabadilisha, linapakia na kusafirisha. Ghala lenyewe liko chini ya ngozi na tumboni. Mtu akipigwa picha ya ultrasaundi akaambiwa ini lake lina mafuta, ni rahisi kudhani kwamba shahamu imelizingira ini kama ile inayozingira figo za mbuzi. Sivyo. Mafuta hayo yamo ndani ya seli zenyewe, katika matone ambayo madogo yake hayafiki mikromita moja (sehemu ya elfu ya milimita) kwa upana, ndani ya seli yenye upana wa mikromita 20 hadi 30. Matone makubwa huweza kuijaza seli nzima na kukisukuma kiini chake pembeni.

Tone na tui

Mafuta hayachanganyiki na maji, na ndani ya seli maji yako kila mahali. Mpishi wa pwani hukutana na jambo hili kila siku. Ukikuna nazi na kukamua tui zito, unapata maji yaliyojaa vitone vya mafuta visivyoungana, kwa sababu kila kitone kimevikwa ngozi nyembamba ya protini na fosfolipidi, molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mikia ya mafuta. Lichemshe tui hilo kwa muda mrefu: ngozi huharibika, vitone huungana, mafuta ya nazi yakaelea juu. Tone la seli ya ini limejengwa kwa kanuni hiyohiyo.

Katikati ya tone kuna trigliseridi, yaani asidi tatu za mafuta zilizofungwa kwenye gliseroli moja, pamoja na kolesteroli iliyofungwa kwa asidi ya mafuta. Nje kuna tabaka moja tu la fosfolipidi. Utando wa seli na wa viungo vyake vingine una matabaka mawili kwa sababu una maji pande zote mbili. Tone lina maji nje na mafuta ndani, kwa hiyo tabaka moja linatosha: vichwa vinavyopenda maji hutazama nje, mikia ikazama kwenye mafuta. Juu ya tabaka hilo zimepachikwa protini, na mashuhuri kati yake ni jamii ya perilipini, ambayo ya kwanza ilielezwa mwaka 1991 katika seli za shahamu. Kwenye ini inayoonekana zaidi ni perilipini ya 2, na wingi wake hupanda na kushuka pamoja na wingi wa matone.

Kwa miaka mingi tone lilichukuliwa kuwa punje ya akiba iliyolala tu. Protini hizi zilibadili mtazamo huo, kwa sababu ndizo zinazoamua kimeng'enya gani kifike kwenye mafuta na wakati gani. Tone ni kiungo cha seli kama vilivyo viungo vingine. Kulifundisha kama takataka kunamwacha mwanafunzi asielewe lolote kati ya yafuatayo.

Tone huzaliwa kwenye endoplazmiki retikulamu, ule mtandao wa mifereji ndani ya seli unaotengeneza protini na mafuta. Vimeng'enya DGAT1 na DGAT2 hufanya hatua ya mwisho, kuongeza asidi ya tatu. Trigliseridi iliyokamilika haina kichwa cha kupenda maji, hivyo haina nafasi ya kujipanga kwenye utando. Hujikusanya katikati ya matabaka mawili, kama maji ya lengelenge yanavyojikusanya ndani ya ngozi. Lengelenge likikua, hutokeza upande wa nje wa mtandao likiwa limevaa tabaka moja. Protini iitwayo seipini hukaa pale shingoni, tone linapoungana na mtandao. Ikikosekana, seli hupata vitone vingi vidogo mno na vichache vikubwa kupita kiasi.

Ukubwa nao una hesabu yake. Mafuta yakiongezeka na fosfolipidi ya kuyavika isiongezeke, matone huungana, kwa sababu tone moja kubwa linahitaji ngozi ndogo kuliko matone mengi madogo yenye mafuta yaleyale. Fosfolipidi kuu ya ngozi hiyo, fosfatidilkolini, hutengenezwa kwa kolini, iliyomo kwenye kiini cha yai, maini na samaki. Mwaka 1932 Charles Best, mmoja wa waliogundua insulini, alionyesha pamoja na wenzake kwamba kolini inazuia mafuta kujaa kwenye ini la wanyama wa majaribio. Sababu tunaiona sasa: kolini ikipungua, matone hunenepa, na papo hapo ini hukosa malighafi ya kufungia mizigo ya mafuta inayopelekwa kwenye damu.

Yanakoingilia, yanakotokea

Swali linaloulizwa sana ni hili: mafuta haya yametoka kwenye chakula gani? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliwafuatilia wagonjwa wachache wenye ini la mafuta kwa kutumia alama za isotopu (atomi nzito kidogo kuliko za kawaida, zinazoweza kufuatwa mwilini), kisha ukapima sampuli za maini yao. Karibu asilimia 59 ya mafuta ilitokana na asidi za mafuta zilizokuwa zikizunguka kwenye damu, nyingi zikiwa zimeachiwa na shahamu ya mwili. Asilimia 26 ini lilikuwa limeyatengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga. Asilimia 15 tu ilifika moja kwa moja kutoka kwenye mafuta yaliyoliwa.

Kumwambia mgonjwa apunguze samli kwenye biriani, huku chai yake ina vijiko vinne vya sukari na chakula kinashushwa kwa soda, ni kuziba tundu dogo la ngalawa na kuliacha kubwa. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na kinywaji kitamu kikinywewa kwa wingi, sehemu kubwa ya fruktosi hiyo huangukia ini, ambalo huigeuza kuwa asidi za mafuta kwa urahisi.

Insulini ndiyo inayoifundisha shahamu kutulia na kutoachia asidi zake baada ya kula. Mwili ukiwa sugu kwa insulini, shahamu haisikii, inaachia hata pale isipotakiwa. Lakini ini halijawa sugu kwa kila amri: lile agizo la kutengeneza mafuta mapya linaendelea kulitii. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili hupata maji kutoka mito miwili kwa wakati mmoja.

Mafuta yana njia mbili kubwa za kutoka. Ya kwanza ni kuchomwa kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Kwanza lazima trigliseridi ikatwe, na kazi hiyo huanzwa na kimeng'enya ATGL, kilichoelezwa mwaka 2004. Na mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba seli ya ini inaweza pia kumeza kipande cha tone na kukipeleka kwenye laisosomu, kifuko chake cha kumeng'enyea, kusagwa. Njia ya pili ni kupakia mafuta kwenye chembe za VLDL, vifurushi vya mafuta na protini, na kuzipeleka kwenye damu. Kila chembe ya VLDL inahitaji protini moja kubwa, apolipoprotini B. Mtoto mwenye unyafuzi, ule utapiamlo wa kuvimba miguu, hupata ini lililojaa mafuta ingawa anakula kidogo, na maelezo ya siku nyingi ni kwamba ini lake linakosa protini ya kupakia.

Urithi nao una sehemu. Mwaka 2008 jeni ya PNPLA3 ilihusishwa na mafuta ya ini: katika umbo lake liitwalo I148M, protini yake hukaa juu ya tone na kuzuia mafuta yasikatwe inavyotakiwa. Ndiyo sababu ndugu wawili wanaokula sahani moja wanaweza kuwa na maini tofauti kabisa.

Kuliona

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na karibu zote huharibika kabla slaidi haijafika chini ya hadubini.

Mwalimu wa baiolojia wa Malindi asiye na vifaa vikubwa anaweza kuonyesha chanzo cha tatizo kwa neli za majaribio. Achukue gramu 2 za ini la mbuzi na gramu 2 za ini la papa kutoka kwa wavuvi, asage kila moja peke yake na mililita 10 za ethanoli, atikise vizuri, kisha aache dakika 5 makapi yatuame. Mililita 2 za ethanoli safi iliyobaki juu azimimine kwenye mililita 2 za maji. Neli ya papa itageuka nyeupe kama tui. Ya mbuzi itapata ukungu kidogo tu. Ethanoli imeyayeyusha mafuta ya seli, na yalipokutana na maji yakarudi kuwa vitone. Neli ziwekwe mbali na moto, maana mvuke wa ethanoli hushika haraka.

Sasa fikiria njia ya kawaida ya maabara ya patholojia. Kipande cha ini huhifadhiwa kwenye formalini, ambayo haidhuru mafuta. Kisha hupitishwa kwenye alkoholi za nguvu tofauti ili kutoa maji, halafu zailini, halafu nta ya moto. Alkoholi na zailini huondoa mafuta yote. Kinachobaki kwenye slaidi ni matundu meupe ya mviringo mahali matone yalipokuwa. Mpatholojia mzoefu huyasoma matundu hayo vizuri, lakini tundu si mafuta. Seli iliyojaa glikojeni (akiba ya sukari) au iliyovimba maji huweza kupauka pia, na vitone vidogo mno, vile vinavyotokea katika ini la mafuta la ghafla la ujauzito, hupotea visionekane. Ni hali ya hatari, na ni hapo hasa njia ya nta inapoangusha.

Dawa yake ni kukata ini likiwa limegandishwa. Kipande kisizidi unene wa milimita 5. Kigandishwe kwa ghafla kwenye isopenteni iliyopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Friji ya nyumbani haifai hata kidogo: ubaridi wa polepole huzaa chembe kubwa za barafu zinazochana seli, na barafu ikiyeyuka huacha matundu yanayofanana na mafuta. Kipande hukatwa kwa unene wa mikromita 8 hadi 10 ndani ya kriostati, mashine ya kukatia vipande kwenye baridi, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ini lenye mafuta mengi hubaki laini kwenye baridi hiyo na kukunjamana kwenye kisu, hivyo shusha hadi 25 chini ya sifuri. Katika unyevu wa pwani, shida nyingine ni umande: slaidi au kisanduku kilichotoka kwenye baridi kikifunguliwa mapema hulowa maji mara moja. Kiachwe kimefungwa mpaka kipate joto la chumba.

Rangi inayotumika sana ni Oil Red O. Yeyusha gramu 0.5 katika mililita 100 za isopropanoli. Hii ni ya akiba. Siku ya kazi changanya sehemu 3 za akiba na sehemu 2 za maji yaliyotoneshwa, acha dakika 10, chuja, na uitumie ndani ya saa chache. Suuza slaidi kwa isopropanoli ya asilimia 60, paka rangi dakika 15, suuza tena kwa ile ya asilimia 60, tia hematoksilini kwa muda mfupi ili viini viwe bluu, osha kwa maji, funika kwa jeli ya glisarini.

Kwa nini asilimia 60 hasa? Rangi hii haishikani na mafuta kwa kifungo cha kikemia. Inahama tu: inapenda kuyeyuka ndani ya mafuta kuliko ndani ya alkoholi iliyopunguzwa nguvu. Alkoholi ikiwa kali, mafuta yenyewe yatayeyuka. Ikiwa dhaifu, rangi itaganda na kuanguka. Hapa ndipo joto la Lamu linapoingilia. Bakuli lililo wazi mchana wa kaskazi hupoteza isopropanoli kwa mvuke, mchanganyiko unadhoofika, na slaidi inajaa vipunje vyekundu ambavyo asiyejua huvihesabu kuwa mafuta. Funika bakuli. Na vipunje ukivitilia shaka, zungusha kirekebishi cha hadubini taratibu: tone la kweli limo ndani ya seli na lina ukingo laini, kipunje kiko juu ya seli, kina ncha, na hukaa hata mahali pasipo na seli.

Makosa mawili zaidi hurudiwa kila mara. La kwanza ni kukandamiza kioo cha kufunikia: vitone huungana, na ini la vitone vidogo likaandikwa kuwa la matone makubwa. La pili ni kutumia gundi ya kudumu iliyoyeyushwa kwa zailini, na hapo kazi yote ya asubuhi huyeyuka ndani ya dakika chache.

Seli za kuotesha

Wanaotaka kuona tone likizaliwa hutumia seli zinazooteshwa, mara nyingi HepG2, zilizotokana na uvimbe wa saratani ya ini wa kijana wa miaka 15 kutoka Argentina. Zinafaa, ila kumbuka kwamba nakala zake zote mbili za PNPLA3 ni za I148M. Hazianzi zikiwa ini la kawaida.

Seli hulishwa asidi ya oleiki, moja ya asidi za mafuta, kwa kawaida milimola 0.2 hadi 0.5 kwa lita, kwa saa 24. Asidi haitiwi ikiwa peke yake. Peke yake ni kama sabuni, huyeyusha utando wa seli. Hufungwa kwanza kwenye albumini isiyo na mafuta, kama inavyosafiri kwenye damu, na uwiano usizidi molekuli 5 au 6 za asidi kwa albumini moja. Kisima cha kulinganisha (kitundu cha sahani ya kuoteshea chenye seli zisizopewa asidi) nacho kipewe albumini kwa kiasi kilekile, si maji matupu.

Asidi ya palmitiki ni ngumu zaidi, na mwenye mafuta ya nazi ataielewa: Lamu yako maji karibu mwaka mzima, yakifika Nairobi mwezi wa Julai yanaganda. Oleiki huyeyuka kwenye nyuzi 13 hivi, palmitiki kwenye nyuzi 63. Kwa hiyo palmitiki hupashwa moto hadi karibu nyuzi 70, kisha huchanganywa upesi na albumini yenye nyuzi 37. Ukiona ukungu mweupe au vipande vinavyoelea, tupa uanze upya, kwa sababu hujui tena seli zinapata kiasi gani.

Matokeo yake yanashangaza mara ya kwanza. Seli zilizopewa palmitiki peke yake hutengeneza matone machache na nyingi hufa. Zilizopewa oleiki hujaa matone na huishi. Ukizipa zote mbili pamoja, oleiki huivuta palmitiki ndani ya tone, na seli hupona. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2003, na linageuza namna ya kufikiri: asidi iliyofungiwa ndani ya tone haiwezi kuichoma seli. Madhara huanza uingiaji unapolishinda tone, asidi na mazao yake yakabaki huru, uvimbe ukafuata na baada yake makovu. Ndiyo sababu dawa inayoshusha mafuta kwenye picha haitoshi kuitwa dawa ya ini mpaka makovu nayo yapimwe.

Kwa mwanga wa floresensi rangi ya BODIPY 493/503 hung'aa kijani ndani ya tone. Hifadhi seli kwa paraformaldehaidi ya asilimia 4 kwa dakika 10 hadi 15. Methanoli na asetoni zisikaribie. Ukitaka kuingiza kingamwili ya perilipini, toboa utando kwa saponini, si Triton X-100, kwa maana Triton hufanya kama sabuni kwenye sufuria yenye mafuta: huyavua matone ngozi na protini unazozitafuta.

Asilimia ya nini?

Neno linalochanganya kuliko yote kwenye ripoti ni asilimia. Mpatholojia akiandika asilimia 30, anamaanisha kwamba seli 30 katika kila 100 za ini alizoziona zina matone. Hamaanishi kwamba karibu theluthi ya ini ni mafuta. Chini ya asilimia 5 ya seli huhesabiwa kawaida. 5 hadi 33 ni daraja la kwanza, hadi 66 la pili, zaidi ya hapo la tatu. Mashine ya MRI hupima kitu kingine, sehemu ya ishara inayotoka kwenye mafuta, na namba yake huwa ndogo kwa ini hilohilo. Kuzilinganisha namba hizo mbili ana kwa ana ni kulinganisha pishi na kilo.

Ultrasaundi haitoi asilimia kabisa. Ini lenye mafuta huonekana jeupe kuliko figo ya pembeni yake, lakini kwa kawaida mpaka mafuta yafikie karibu seli 20 katika 100. Chini ya hapo picha huweza kuonekana safi. Sindano ya sampuli nayo huchukua karibu sehemu 1 kati ya 50,000 za ini, na mafuta hayatawanyiki sawasawa.

Katika panya wa maabara kuna mtego mmoja zaidi. Panya aliyefungishwa usiku mmoja hujaza ini mafuta, kwa sababu shahamu yake inaachia asidi kwa kasi kuliko ini linavyozichoma. Wanyama wa kundi moja wakichukuliwa sampuli asubuhi na wa kundi la pili alasiri, tofauti inayoonekana inaweza kuwa ya saa ya chakula tu. Andika saa ya mlo wa mwisho kwenye kila neli, pamoja na sehemu ya ini kilipokatwa kipande.